Toa Mbili

Kosa lenyewe lilianza na usafi, na hilo ndilo linaloudhi. Lingeanza na uvivu, au na udokozi kama wa yule mhudumu wa ghorofa ya pili aliyefukuzwa kwa kutoka na mashuka ya hospitali tumboni, watu wangejua pa kutemea mate. Lakini lilianza na maji ya uvuguvugu, kipande cha sabuni, na mwanamke mwenye roho nzuri aliyetaka mgonjwa wake apendeze.

Mwanamke huyo walimwita Mama Beseni. Mtoto hakujaliwa, lakini ukifanya kazi miaka kumi na mmoja katika wodi ya saratani, na kila anayekuona anakukuta na beseni mkononi, ama la kuogea ama la kutapikia, jina litakutafuta lenyewe. Hakuwa muuguzi wala daktari. Kazi yake ilikuwa yale yanayobaki wakubwa wakishaondoka: kuogesha, kulisha, kugeuza, kubadili shuka, kuokota nywele kwenye mto kabla mwenyewe hajaamka akaziona, kuwasukuma wagonjwa kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba cha mionzi na kuwarudisha. Pia alijua kunyamaza. Mgonjwa wa saratani huulizwa maswali na dunia nzima, na akimpata mtu asiyemuuliza chochote humganda kama ruba.

Aliyemganda safari hii alikuwa Fundi, mshona nguo wa miaka sitini na ushei, mwenye ulimi mkali na vidole vilivyojaa makovu ya sindano. Titi lake la kushoto lilikuwa limeondolewa miezi miwili nyuma. Sasa alikuwa amelazwa ili apigwe mionzi mara ishirini na tano, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Wagonjwa wengine huweka picha za wajukuu chini ya mto. Fundi aliweka futi yake ya kupimia nguo, ile ya kitambaa, iliyochakaa hadi rangi yake ya njano ikawa kama ya chai.

Siku ya kwanza mtaalamu wa mionzi alimchora kifuani. Huyu mtaalamu walimwita Rula, kwa sababu hakuachana na rula ya chuma mfukoni, na kwa sababu hata kutembea kwake kulinyooka hivyo hivyo. Kwa wino wa zambarau alimchora Fundi mstari mrefu kutoka kwenye kishimo cha koo kushuka katikati ya kifua, wa kumlaza sawa chini ya mashine. Juu ya mstari huo akaweka msalaba mmoja mdogo, unaoeleza mionzi ipigwe wapi.

"Mama, huu msalaba usiguswe na maji," Rula alisema. "Ukifutika, unarudi kupimwa upya kwenye mashine kubwa. Na foleni ya mashine kubwa ni wiki tatu."

Fundi alivaa miwani, akaukagua mstari wote. "Umenyooka," akasema. "Siku wakikufukuza hapa njoo dukani kwangu."

Aliporudi kitandani alitoa futi yake, akajipima mwenyewe kutoka kishimo cha koo hadi msalabani, akaandika kwenye daftari. Mama Beseni alikuwa pembeni anakunja shuka, akacheka.

"Dada Fundi, unaandika nini sasa? Wameshaandika wao."

"Mdogo wangu, mwili ni wangu. Mimi nguo yangu simwachii fundi mwingine apime peke yake."

Hayo yalikuwa ya kucheka siku hiyo.

Mara tisa za kwanza zilikwenda bila neno. Kisha ikaja Jumatatu ambayo Fundi alitapika kuanzia asubuhi, akatapikia gauni, shuka na kifua, na mchana ule ule binti yake alikuwa anakuja kumwona kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe. Muuguzi alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, ile inayolegeza mwili mpaka ulimi. Fundi akaushika mkono wa Mama Beseni.

"Niogeshe. Mwanangu asinikute nanuka."

Mama Beseni alijua namna ya kuogesha vifua vilivyochorwa. Unafunika msalaba kwa kitambaa kikavu, unafuta pembeni, hukaribii. Alikuwa amewafundisha wahudumu wenzake wote. Alifunika, akafuta, na Fundi, kwa sauti iliyoanza kulegea, akawa anamsimulia habari za bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya harusi akaapa kwamba ni gauni lililopungua. Walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. Kitambaa kikavu kikateleza. Mkono wenye sabuni ukaenda wenyewe, kama mikono iliyozoea inavyokwenda, na Mama Beseni alipolitazama taulo aliona zambarau.

Mstari mrefu ulibaki, umepauka kidogo. Msalaba haukuwepo.

Alisimama pale na taulo lake. Miezi mitatu nyuma alikuwa amempa maji ya kunywa mgonjwa aliyetakiwa kukaa na njaa kabla ya kupasuliwa, na Sista Kengele, mkuu wa wauguzi, alimwandikia barua ya onyo na kumwambia ya pili itakuwa ya kwaheri. Hilo lilimjia kwanza, na baadaye alijichukia kwa kuwa ndilo lililotangulia. La pili lilikuwa kitanda cha nne. Katika kitanda cha nne aliwahi kulala mwanamke aliyekosa mionzi wiki mbili kwa sababu mashine iliharibika. Alipoondoka mle, aliondoka kafunikwa uso.

"Umefutika, eeh?" Fundi aliuliza. Macho yalikuwa nusu yamefumbwa, lakini aliyaona mambo.

"Nisamehe dada. Ngoja nimwite Sista."

"Umwite akufukuze, na mimi nikapange foleni wiki tatu? Daktari kasema siku moja ukiruka unaupa ugonjwa siku moja. Wiki tatu si nitakuwa nimeupa nyumba na funguo?" Alipumua. "Kipimo ninacho. Fungua daftari."

Mama Beseni alifungua. Mwandiko wa Fundi ulikuwa mkubwa na wa wima: *Koo hadi msalaba, 12.*

"Chukua futi hapo chini ya mto. Weka kwenye kishimo, shuka na mstari, kumi na mbili, chora. Kazi ya dakika moja. Mimi nimepima watu maisha yangu yote."

Hapa kuna watu watakaosema wao wangekataa. Wacha waseme. Kukataa ni rahisi ukiwa hujasimama na taulo mkononi na mgonjwa anayekutazama hivyo.

Alichukua kalamu ya zambarau kwenye meza ya wauguzi. Alilaza ncha ya futi kwenye kishimo cha koo, ncha iliyochakaa, nyuzi zimechomoza, namba zake za mwanzo zimefutika kwa miaka ya vidole. Akashuka na mstari hadi kumi na mbili.

"Hiyo futi yangu..." Fundi alianza.

"Ina nini?"

Lakini ile sindano ilikuwa imemaliza kazi yake. Fundi alishalala, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi. Mama Beseni akachora msalaba. Ulitoka vizuri, mwembamba na mnyoofu. Binti alipofika alimkuta mama yake safi, ananukia sabuni, akalia kwa furaha.

Kesho yake Rula hakuwepo, alikuwa likizo fupi. Badala yake alikuwepo mtaalamu wa zamu, mwanamke mwenye haraka aliyekuwa na wagonjwa thelathini wa kumaliza kabla ya saa tisa. Aliinama kifuani kwa Fundi.

"Huu wino mbona mpya?"

"Ulififia, ukakolezwa," Mama Beseni alisema.

Maneno mawili tu, tena mepesi. Mtaalamu alitikisa kichwa, akaendelea na kazi. Mlango mzito ukafungwa, taa nyekundu juu ya mlango ikawaka, na Mama Beseni akakaa kwenye benchi la nje kuhesabu kama alivyozoea. Kwa Fundi, taa ilizimika kila mara akifika tisini. Siku hiyo pia ilizimika kwenye tisini, na alijiona mjinga kwa kuwa na wasiwasi.

Jumatano ikaenda. Alhamisi, Ijumaa. Fundi alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, akiwashonea wagonjwa wenzake vilemba vya kufunika vichwa vilivyopukutika nywele. Mama Beseni naye alianza kusahau, au alijiambia anasahau. Ila mwili wa mtu hausahau kwa niaba yako. Jumatatu, alipokuwa akimpaka Fundi mafuta ya ngozi, aliona wekundu.

Wekundu wa mionzi aliufahamu. Huwa na kingo zilizonyooka, kama pasi iliyosahaulika juu ya nguo. Huu nao ulikuwa na kingo, lakini ulikuwa umepanda. Kwa juu ulikaribia mfupa wa bega. Kwa chini, sehemu ya mwisho ya kovu, ile ambayo daktari aliigusa mara mbili mbili kila alipopita, ngozi ilianza kupoa na kurudia rangi yake ya kawaida. Ilikuwa kama blauzi iliyovaliwa na mtu aliyeipandisha mno.

"Koo linanikwaruza," Fundi alisema. "Hata maji nikimeza nayasikia yanavyopita."

"Wengi hupata hivyo," Mama Beseni akasema. Ni kweli, wengi hupata. Lakini alisema haraka mno, na mkono wake wenye mafuta ukasimama.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mjane aliyekuwa mpishi wa shule na aliyemjua kama anavyozijua sufuria zake. Jioni hiyo dada alimtazama akisogeza chakula kwenye sahani kutoka upande huu kwenda ule.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Huyo Sina Kitu amekaa hapa mezani tangu wiki iliyopita, na bado hajaosha hata kijiko." Dada akavuta kiti. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi sisemi zaidi."

Na kweli hakusema zaidi, jambo lililomtisha Mama Beseni kuliko kelele.

Kilio kilikuja kesho yake, Jumanne, na kilikuja kama zawadi. Fundi alikuwa amerudi kutoka mionzi, mara ya sita tangu msalaba ule mpya. Alikaa kitandani na miwani puani, akamwita Mama Beseni asimame mbele yake.

"Nyoosha mikono. Nakushonea gauni."

"La nini, dada?"

"La kuvaa! Kila siku uko na hilo joho la kijani, utafikiri mchicha. Binti yangu kaniletea kitambaa cha bluu. Shika daftari, uandike ninachosema."

Mama Beseni alisimama, daftari mkononi, akicheka kwa aibu. Fundi akamzungushia futi kifuani, akaibana kwa kidole gumba.

"Kifua. Mia na mbili, toa mbili, mia. Andika mia." Akashusha futi. "Kiuno. Themanini na nane, toa mbili, themanini na sita. Umeandika? Nyonga..."

"Toa mbili ya nini?"

"Ya futi." Fundi alimwonyesha ile ncha yenye nyuzi. "Ilikuwa na bati hapa mwanzoni. Likashika kutu, likachana nguo ya mteja, nikakata kipande chote na mkasi. Hapa inaanzia mbili, haianzii sifuri. Basi ukipima mtu unatoa mbili, na ukitaka kuweka alama unaongeza mbili. Miaka ishirini sasa. Binti anasema ninunue mpya, nikamwambia ya nini, na hii nimeshaizoea? Nyonga, mia na nane, toa mbili. Andika. Mbona huandiki?"

Mama Beseni hakuweza kuandika. Alikuwa anaitazama ncha ya futi. Aliiona tena ilivyolala kwenye kishimo cha koo, na kidole chake mwenyewe kikishuka hadi kumi na mbili, kumi na mbili ambayo ilikuwa kumi. Sentimita mbili. Upana wa kidole gumba. Mara sita alikuwa amemsukuma mwanamke huyu kwa mikono yake hadi chini ya mashine, na mashine ilikuwa ikichoma pasipohusika na kuliacha lile kovu la chini, lile linaloguswa na daktari mara mbili mbili, bila hata tone.

"Mia na sita," Fundi akamalizia. "Umepatwa na nini? Umekuwa kama majivu."

"Kizunguzungu. Nitarudi."

Alitoka hadi kwenye ngazi, akakaa, akakamata magoti yake. Ilikuwa saa kumi kasoro, chumba cha mionzi kilishafungwa.

Jioni alimwambia dada yake yote, tangu taulo hadi nyonga. Alisema pia lile lililokuwa likimnong'oneza njia nzima: kesho asubuhi na mapema angeweza kuufuta msalaba, akachora mwingine kwenye kumi na nne ya futi ile, ambayo ndiyo kumi na mbili ya kweli. Nani angejua? Fundi angepata mionzi mahali pake, foleni hakuna, barua hakuna.

Dada alisikiliza bila kumkatiza.

"Na siku sita zilizopotea, nani atamwambia daktari?" aliuliza mwishowe. "Si atahesabu zimo? Atamaliza zake ishirini na tano aruhusiwe, kumbe kapata kumi na tisa." Akanyanyua sahani. "Mpaka leo ulikuwa umekosea, mdogo wangu. Mtu hukosea. Lakini kesho ukimsukuma tena, hapo hutakuwa umekosea. Hapo utakuwa umefanya."

Asubuhi Mama Beseni alikuwa na kalamu ya zambarau mfukoni. Tusimpambe: aliichukua, na aliifikiria mpaka kwenye lifti. Fundi alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini, anakohoa kidogo, anasimulia namna atakavyoweka shingo ya gauni. Magurudumu yalilia kwenye sakafu kama kila siku. Wakafika. Rula alikuwa amerudi likizo, amesimama mlangoni na orodha yake.

"Fundi wangu! Karibu, twende."

Akashika kiti akivute ndani. Kiti hakikusogea. Mama Beseni alikuwa amekishikilia kwa mikono miwili.

"Asiingie," akasema.

"Kuna nini?"

"Msalaba huo si wako. Nimeuchora mimi."

Akasema yote pale pale mlangoni, mbele ya foleni ya wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi, kwa sababu alijua akiomba pembeni angepata muda wa kuyapunguza. Taulo. Daftari. Futi. Maneno yake mawili kwa mtaalamu wa zamu. Rula alitoa rula ya chuma, akapiga goti mbele ya kiti, akafungua vifungo viwili vya Fundi, akapima mara moja, akapima mara ya pili. Akafungua faili.

"Hapa nimeandika kumi na mbili," alisema taratibu. "Hii ni kumi."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa akijitazama kifua. Miwani ilikuwa imeshuka hadi ncha ya pua. Mlangoni palisikika tu mvumo wa mashine, ule unaosikika hata ikiwa haina mtu.

"Sikukwambia uongeze," Fundi akasema. "Nilitaka kukwambia. Nililala nalo mdomoni."

Daktari alikuja, akaangalia, akatoka nje kwenda kupiga simu, akarudi. Aliongea kwa upole, na Mama Beseni alitamani angefoka. Mionzi ingesimamishwa. Fundi angerudi kupimwa upya kwenye mashine kubwa, na nafasi ya karibu ilikuwa baada ya siku ishirini na tatu. Sehemu ya chini ya kovu haikuwa imepata kitu kwa siku sita, na sasa ingekaa hizo ishirini na tatu nyingine. Ingekuwaje? Daktari alifunga faili.

"Hatujui," alisema. "Tutajua baadaye."

Sista Kengele alimpa Mama Beseni karatasi aandike maelezo, kisha aende nyumbani hadi atakapoitwa. Aliandika kwamba wazo la kuchora lilikuwa lake na mgonjwa hakujua chochote. Alikuja kusikia baadaye kwamba Fundi naye aliomba karatasi, akaandika kwamba alijichora mwenyewe kwa kiburi chake na mhudumu hakuwepo. Sista Kengele, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alizisoma zote mbili, akaziweka kwenye droo moja, akasema wodi nzima imekuwa ya waongo.

Siku ishirini na tatu ni nyingi ukizikaa nyumbani. Mama Beseni alifua visivyo na uchafu. Alihesabu. Kila mara simu ya dada yake ilipolia alisimama, mkono kifuani, akingoja kuona uso wa dada utabadilikaje. Akilini alimwona Fundi amelala, na chini ya lile kovu kitu kisicho na haraka kikifanya kazi yake kwa raha, mlango umeachwa wazi na yeye.

Siku ya ishirini na sita, Jumatatu mchana, saa ya kuwaona wagonjwa, alikwenda. Alipita getini na wageni wengine, hana joho, hana beseni, hajui aweke wapi mikono. Fundi alikuwa kitanda kile kile. Alikuwa amekonda hata miwani imekuwa mikubwa usoni. Lakini alipomwona alinyanyua mfuko kutoka chini ya mto.

"Nilidhani hutakuja kuchukua mali yako. Vaa nikuone."

Lilikuwa gauni la bluu. Mama Beseni alilivaa nyuma ya pazia. Lilimkaa kama lilizaliwa naye. Alipotoka, Fundi alimzungusha kwa kidole, akakagua mabega, akavuta pindo.

"Binti kaniletea futi mpya," alisema. "Imenitesa. Kila nikipima mkono unatoa mbili wenyewe, nafumua, naanza tena. Hilo nimelifumua mara nne."

"Dada Fundi, nisa..."

"Lete mkono."

Aliushika, akauingiza chini ya shuka, akaziweka ncha za vidole vya Mama Beseni pale kovu linapoishia. Palikuwa na kitu. Kilikuwa kigumu, kimetulia, kama harage lililofichwa chini ya ngozi. Mama Beseni alikuwa ameshika vitu kama hivyo miaka kumi na mmoja na hakuhitaji kuambiwa.

"Wamekiona Ijumaa waliponipima upya," Fundi alisema. "Daktari anasema huenda kilikuwepo tangu mwanzo, kimejificha. Huenda kimeota wiki hizi. Anasema hakuna atakayejua kamwe, si mimi, si wewe, si yeye. Ninachojua ni ukubwa wake. Sentimita mbili."

Mama Beseni hakuondoa mkono. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye gauni jipya, yakiacha madoa meusi juu ya bluu, na hakuyafuta.

"Nikamuuliza," Fundi akasema, "hizo mbili mmeshatoa, au bado?"

Alicheka peke yake, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Kisha akatazama saa ya ukutani, akajifuta mdomo.

"Leo ndiyo wanaanza tena, na dozi wameongeza. Saa nane. Mhudumu mpya anasukuma kiti kama anasukuma mkokoteni, ananigonga kila mlango. Nisukume wewe."

"Hairuhusiwi. Mimi leo ni mgeni."

"Basi sukuma kama mgeni."

Walipita mbele ya meza ya Sista Kengele. Alinyanyua macho, akaliona gauni la bluu, akaona nani amelivaa, akarudi kwenye mafaili yake na kuyapanga ingawa yalikuwa yamepangika. Kwenye mlango wa mionzi Rula alikuwa akingoja. Alimpima Fundi mara tatu kwa rula ya chuma, mbele ya Mama Beseni, akisema namba kwa sauti kila mara. Kisha akakivuta kiti ndani. Fundi hakugeuka nyuma.

Mlango mzito ulifungwa, taa nyekundu ikawaka. Mama Beseni alikaa kwenye benchi na gauni lake jipya, akaanza kuhesabu. Alifika tisini, na taa ilikuwa bado inawaka.